Sororiti ipi: za Panhellenic au Divine Nine?

BintiMuheza: Habari zenu dada zangu. Naanza mwaka wa kwanza hapa Texas, na usajili wa sororiti, vile vyama vya udada vya wanafunzi wa kike, ni Agosti. Mwenzangu wa bweni ananivuta twende wote zile za Panhellenic, umoja wa sororiti za kitaifa. Binamu yangu aliyesoma Chuo Kikuu cha Howard, Washington, anasisitiza AKA (Alpha Kappa Alpha) au Delta (Delta Sigma Theta), ambazo ni za Divine Nine, vile vyama tisa vya wanafunzi Wamarekani weusi. Mliopita huko mlichaguaje?

Nyabo_Ohio: Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, mdogo wangu. Panhellenic unajiandikisha, siku za mwanzo unazungushwa nyumba za sororiti zote, halafu orodha inapungua: wao wanakukata, na wewe unawakata. Divine Nine hakuna kuzungushwa. Unahudhuria kikao chao cha maelezo, wanaangalia alama zako, kazi zako za kujitolea na barua za wanaokufahamu. Muhula wa kwanza mara nyingi hawapokei mtu.

MamaTumaini: Mwanangu, AKA ilianzishwa Howard 1908. Delta ilizaliwa chuo hicho hicho Januari 1913, na mwanzoni mwa Machi walishakuwa barabarani Washington wakidai wanawake wapige kura. Hao hao ndio walioisaidia hospitali ya misheni ya Mary Help pale Thika. Na ukihitimu huachwi, kuna matawi ya watu wazima. Nilipojifungua Atlanta sina ndugu hata mmoja, dada zangu wa Delta walipokezana wiki nzima: huyu kaleta supu, yule kafua nguo za mtoto. Mimi nakuambia Delta, bila kusita.

Zuhura_K: Shikamoo mama. Mimi niliingia ya Panhellenic na nimepata marafiki wa kweli. Ila BintiMuheza, uliza pesa mapema: ada ya kila muhula, fulana, picha, faini ya kukosa kikao. Waambie wakupe kwa maandishi. Pia orodha ya sororiti unazozikubali, unayosaini usiku wa mwisho, inakufunga. Ukipewa uliyoiandika kisha ukaikataa, huingii nyingine ya Panhellenic chuoni hapo mpaka usajili mkuu wa mwaka unaofuata. Usiandike jina kwa kujaza nafasi.

Nyabo_Ohio: Naongeza: jina kubwa halikuhakikishii tawi zuri. Wiki ya usajili kila mtu kafundishwa kutabasamu. Nenda kawaone siku ya kawaida, wakigawa chakula cha msaada au wakijisomea maktaba, uone kama wanapendana. Na wakianza habari za kupigwa au kukeshesha watu, ondoka siku hiyo hiyo. Vyama vyote vinakataza.

BintiMuheza: Asanteni sana dada zangu, na shikamoo mama. Je, nikiingia Panhellenic sasa, mwakani naweza kuhamia Delta?

MamaTumaini: Marahaba. Hapana, mwanangu. Ukishaapishwa Panhellenic, Delta na AKA hazikuchukui tena. Kama moyo uko huko, Agosti mwache mwenzako aende peke yake. Wewe tafuta alama nzuri na pa kujitolea.