Mnaotuuzia mashine za tachi (za kuamrisha kwa kugusa kioo) viwandani, kitufe cha dharura mmekipeleka wapi?

Wakuu, hili limezidi. Kinu cha Kisenyi, Kampala, si ofisi yenye kiyoyozi. Kuna unga hewani, mikono ya jasho, umeme unaoyumba. Halafu mtu anashusha mashine ya kufungasha yenye kioo kama cha simu, hana habari ni kioo cha aina gani.

Kioo hicho husoma chaji inayovutwa na kidole. Glavu nene za mpira hakizioni. Matone ya maji hukidanganya kwamba ni vidole. Inveta ya mota (kifaa cha kudhibiti kasi yake) ikiwa jirani na ethi (waya wa ardhini) imefungwa kwa kubahatisha, kinaanza kujibonyeza chenyewe, na fundi anaambiwa "badilisha kioo"! Rekebisheni ethi kwanza, tenganisheni nyaya za mota na zile za volti 24 za skrini, ndipo mhukumu.

Penye unga na glavu agizeni kile cha kukandamiza, tabaka mbili zinazogusana ukibonyeza. Cha waya 4 kikichubuka hupoteza shabaha: unabonyeza hapa, kinasoma pale. Cha waya 5 huvumilia zaidi, maana vipimo vyote hutoka tabaka la chini. Kupima cha waya 4 ni kazi ndogo: zima umeme, chomoa utepe, mita kwenye ohm. Kila jozi, yaani nyaya mbili za tabaka moja, itoe mamia ya ohm. Kati ya jozi na jozi, bila kubonyeza, pasiwe na njia. Ikiwepo, tabaka zimeshikana.

Ile IP65 (daraja la kinga dhidi ya vumbi na maji) mnayotuonyesha kwenye karatasi kwa kawaida ni ya uso wa mbele tu, tena mpira wa kuziba ukingoni ukikaa sawasawa.

Ila kinachouma zaidi ni kitufe cha dharura kilichochorwa kwenye skrini. ISO 13850, kiwango cha kimataifa cha vitufe vya dharura, inataka kitufe halisi, chekundu juu ya njano, kinachobaki kimezama hadi kifunguliwe kwa mkono. Skrini ikiganda, picha haikati umeme, na mkono wa mtu uko kwenye mkanda! Jeshi la majini la Marekani, baada ya USS John S. McCain kugongana na meli ya mafuta mwaka 2017 na mabaharia 10 kufa, liliamua kurudisha vishikio vya mkono vya kuongozea mwendo badala ya skrini za kugusa. Sisi ndio kwanza tunaving'oa.

Kabla ya kulipa, daini mchoro wa nyaya, kitufe cha mkono kinachokata kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya mota, na nywila ya mipangilio. Wauzaji mliomo humu, jibuni: kwa nini nywila inabaki kwenu?