Tupeane uzoefu: Miaka 50 na kuendelea, mguu umeumia na kukaa bure huwezi. Wakimbiaji wa Moshi na Arusha mlifanyaje?

Mangi wa Rau (mleta mada)
Aisee wakuu, nina miaka 61. Kili Marathon naikimbia tangu ilipoanza 2003, siku hizi ile ya kilomita 21 ya kupanda Mweka na kugeuza. Sasa kisigino cha kulia kimegoma. Asubuhi hatua za kwanza za kwenda chooni nashika ukuta. Nikizungukazunguka kinalegea, jioni kinarudi palepale. Daktari kasema mfupa ni mzima, kilichoumia ni ule utando mgumu chini ya unyayo, unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni. Nisikimbie kwanza.

Sawa, sikimbii. Ila nina presha, na miaka yote mazoezi yamenisaidia kuishika. Nikilala kwenye kochi miezi kadhaa nitapona mguu niugue vingine. Waliopitia haya, mlifanya nini badala ya kukimbia? Ushauri wa "pumzika mzee, umri umeenda" wanangu wameshaumaliza hapa nyumbani.

Mama Njiro
Pole sana kaka. Mimi nina 57, na wangu ulikuwa ufa kwenye mfupa mrefu wa unyayo, usawa wa kidole cha pili. Nasimulia kwa sababu eksirei ya kwanza ilikuwa safi kabisa. Nyufa hizi nyembamba mara nyingi hazionekani wiki za mwanzo, zinakuja kuonekana baadaye mfupa mpya ukianza kujijenga. Kwa hiyo kina mama wenzangu, hasa tuliokoma hedhi maana mifupa yetu inapungua nguvu: kama maumivu yako mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, na juu ya mguu kumevimba, usikubali kuambiwa huna kitu. Rudi upigwe picha tena.

Nilivalishwa buti la kutembelea. Kipindi kile mazoezi yangu yote yalikuwa ya kiti. Madumu mawili ya lita tano yenye maji, nanyanyua nimekaa, mbele, pembeni, juu. Halafu nakaa na kusimama kwa mguu mzima peke yake, mkono umeshika meza. Baba watoto alicheka mpaka siku alipojaribu mwenyewe, hakufika kumi. Daktari aliporuhusu nikahamia baiskeli ya ndani, ile isiyokwenda popote. Kuna kitu sikuambiwa na mtu: kanyaga pedeli kwa katikati ya mguu au kisigino, si kwa mbele. Ukikanyaga kwa mbele mzigo unakwenda palepale penye ufa. Kaka yangu wewe wa kisigino unaweza kuanza na baiskeli leo, tandiko lisiwe chini sana.

Babu Ngaramtoni
Nina 70. Mimi nilichuliwa kwa mafuta ya kondoo. Yananuka, lakini nakimbia.

Chalii wa Sakina
Shikamoo babu. Na ulipumzika kwa muda gani huku unachuliwa?

Babu Ngaramtoni
Marahaba. Masika yote mawili.

Chalii wa Sakina
Basi babu hatutajua kilichoponya ni kondoo au masika 😂

Kibo na Mawenzi
Mangi, mimi ni jirani yako hapa Moshi, 64. Kano ya nyuma ya kisigino. Dawa yangu ilikuwa maji, na sisemi kuogelea maana kuogelea kwenyewe sijui, nimekulia Kibosho huku juu, tulichojua ni mifereji. Nasema kukimbia ndani ya maji.

Unaingia bwawani kwenye kina kinachozidi kimo chako, umefunga boya kiunoni, maji yanakufika mabegani na miguu haigusi chini. Halafu unakimbia vilevile kama uko barabarani: mgongo wima, goti linapanda, mkono unakwenda nyuma. Usiinamie mbele ukaanza kupiga mbizi. Mwili unaelea, mguu haupokei kishindo chochote, ila maji yanakubishia kila upande na pumzi inakata kwelikweli. Mapigo ya moyo kwenye maji huwa chini kidogo kuliko nchi kavu, kwa hiyo usifuate saa ya mkononi, fuata pumzi. Nilikuwa nagawa: dakika mbili nguvu, moja pole, narudia. Ukienda pole muda wote utachoka kwa kuboreka kabla ya kuchoka mwili.

Tatizo ni mawili. La kwanza hela ya kiingilio. La pili vijana wa pale, watakutazama mzee na boya lako unakimbia huendi mbele. Nenda asubuhi siku za kazi, bwawa liko tupu. Na kama hujui kuogelea usiingie bila mwangalizi.

Chalii wa Sakina
Chemchemi ya Chemka je? Maji yana uvuguvugu.

Kibo na Mawenzi
Chemka ni pa kustarehe, chalii. Pembeni mawe na mizizi, kuna sehemu maji yanavuta, na wikendi watu wamejaa wanaruka na kamba juu ya kichwa chako. Mguu mbovu usiupeleke huko.

Mtu wa Fizio
Nafanya kazi hii ya kutibu viungo kwa mazoezi, nitasema machache. Kwa utando wa unyayo, mbali na kunyoosha kuna zoezi lililopimwa na watafiti wa Denmark, walichapisha 2015. Simama ukingoni mwa ngazi kwa mguu mmoja, kitambaa kilichokunjwa kikiwa chini ya vidole ili vipinde juu. Inua kisigino sekunde tatu, tulia mbili, kishushe tatu. Siku moja fanya, siku moja acha. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivi walikuwa na nafuu kuliko walionyoosha tu. Baada ya mwaka tofauti haikuwepo tena. Maana yake unaharakisha nafuu, huruki foleni. Mama Njiro, mwenye ufa asifanye hili mpaka mfupa umeunga.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Angalia asubuhi ya kesho: yakizidi ya jana, punguza mzigo. Mwenye kisukari au ganzi miguuni aanze kwa daktari, maana maumivu kwake hayatoi taarifa. Na wenye presha mpunguze diklofenaki (dawa za maumivu) za kujinunulia, zinapandisha presha na kusumbua figo. Sindano ya kisigino inatuliza, lakini ina hatari ya kukata huo utando, usiizoee.

Mangi wa Rau
Asanteni. Diklofenaki nimezisikia. Je, kurudi barabarani?

Mama Njiro
Mimi nilisubiri niweze kutembea haraka nusu saa na kesho yake niamke vizuri. Ndipo dakika moja kukimbia, mbili kutembea, kwenye tambarare. Kwenu msitu wa Rau panafaa, udongo laini. Milima iwe ya mwisho.

Chalii wa Sakina
Na raba, Mangi. Ukienda soko la mitumba la Memorial usidanganywe na soli yenye meno. Ya mtumba inaweza kuonekana mpya chini huku sponji ya ndani imekufa. Ishike kisigino na ncha, ikunje: ikipinda katikati badala ya kwenye vidole, irudishe. Halafu jaribu jioni, mguu ukiwa umejaa. Na nyumbani acha kutembea peku kwenye tailizi.