Mzee wangu akisimulia maisha yake anaishia 1977, na sisi watoto tumezaliwa baada ya hapo

Binti_wa_Korogwe
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina jambo limenikaa rohoni naomba mawazo, hasa nyie wenye wazazi wazee. Baba yangu ana miaka 80 na kidogo, alikuwa gadi wa treni enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, iliyoanza 1967. Ukikaa nae jioni anaanzia alivyotoroka nyumbani kwenda kutafuta kazi, yunifomu aliyopewa, mshahara wa kwanza alivyomnunulia bibi kanga doti mbili, usiku treni imetoka Voi inaelekea Taveta tembo wamesimama relini hawataki kutoka, yaani anasimulia unaona kabisa. Halafu inafika 1977, Jumuiya inakufa, mpaka wa Kenya unafungwa, anarudi nyumbani na begi moja, na hapo anasema "basi, maisha yangu yakaishia pale." Ananyamaza, anaomba chai.

Mimi nimezaliwa 1981. Tuko watano na wote katusomesha kwa kulima mahindi na kuziba pancha za baiskeli za watu chini ya mwembe. Juzi mwanangu wa miaka tisa akamuuliza "babu, halafu ikawaje?" akajibiwa "halafu hakuna kitu." Nilikuwa jikoni nasonga ugali nikasikia, mkono ukaishiwa nguvu nikaacha mwiko humo humo sufuriani. Swali langu, mtu wa umri ule unaweza kumsaidia akayaona maisha yake vingine au ndio basi tena? Na mimi kuumia nakosea?

Mnasihi_Moro
Pole dada, hukosei kabisa. Niliposoma ushauri nasaha kuna profesa wa saikolojia anaitwa Dan McAdams, wa chuo cha Northwestern kule Marekani, tulimsoma sana. Anasema kila mtu mzima anatembea na simulizi ya maisha yake kichwani, anaitunga na kuirekebisha mwenyewe, na humo ndimo anapopata jibu la yeye ni nani na kaishi kwa ajili gani. Wapo wanaosimulia shida ikaja ikazaa kheri, na wapo wanaosimulia kheri ikaingia shubiri ikaharibika yote, na unaweza kukuta mkasa ni ule ule mmoja. Kwenye tafiti zake wale wa kwanza mara nyingi ndio wanaoridhika zaidi na maisha na ndio wanaojitolea zaidi kwa kizazi kinachofuata. Mzee wako kwa unavyoeleza simulizi yake ni ya pili. Ila cha ajabu vitendo vyake ni vya wale wa kwanza, watoto watano kasomesha kwa pancha! Mimi nadhani habari za reli kazisimulia mara nyingi mpaka zimenyooka, ila za mwembeni hajawahi kuulizwa na mtu.

Mtu_wa_Chake
Mimi hapo natofautiana kidogo na ndugu yangu. Baba yangu nae alikuwa shirika la ndege la Jumuiya, mwaka ule ule akarudi nyumbani mikono mitupu. Sisi watoto tulivyokuwa wakubwa kila akianza kusimulia tunamkatiza, baba mshukuru Mungu una watoto una wajukuu una afya. Tuliona tunamfariji. Kumbe alisikia kama tunamwambia alilia bure, akaacha kusimulia kabisa mpaka kafa, na sasa hivi ningetoa chochote nimsikie tena. Kwahiyo dada usikimbilie kumpa maana, wala usiwataje nyie watoto kama fidia. Muulize kwanza hiyo siku ya 77 yenyewe, alikuwa stesheni gani, nani alimwambia, alilala wapi. Inawezekana hata hiyo hajaimaliza, anaifikia tu halafu anageuka.

Nesi_Mstaafu
Wanangu mmesema vizuri. Mimi nilifanya kazi Kagera miaka ile ya ukimwi kabla ya dawa kuanza kutolewa bure 2004. Jirani zetu Uganda akina mama wanaoishi na virusi walikuwa na utaratibu wa kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, ukoo wetu ni upi, ulizaliwa siku ya mvua au ya jua, ulipenda kula nini, na sisi tukawa tunajaribu na wagonjwa wetu, kauntabuku la kwaya mbili na kalamu. Nilijifunza kwamba ukimuuliza mtu maisha yako yamekuwa na maana gani anakutazama tu. Mama mmoja aliniambia sina cha kuandika, nikamuuliza huu mkeka ulioulalia nani alikufundisha kusuka, tukajaza kurasa tatu jioni moja. Uliza kitu kinachoshikika. Mzee hana chochote kilichobaki cha reli? Nifikishie shikamoo yangu.

Binti_wa_Korogwe
Marahaba anasema, na asanteni mno. Nimefanya kama mlivyosema, jana nilimuuliza kwanza ile siku. Alikuwa Voi, kaongea karibu saa nzima na mimi sikumkatiza hata kidogo, mengine nitabaki nayo mwenyewe. Halafu nikamuuliza alibaki na nini, akanituma juu ya kabati kuna kopo la Kimbo. Ndani kuna filimbi yake ya ugadi imefungwa kwenye kipande cha ile bendera ya kijani, pale anapong'ata meno rangi imetoka chuma kinaonekana. Mimi nikaropoka, baba hii si ndio ulikuwa unachezeshea mpira wa kijiji? Akaishika akaigeuza geuza. Akasema tulianza vijana waliporudi vita ya Kagera, walikuwa wanashinda kijiweni na usiku hawalali, nikaona bora wakimbie wachoke. Jamani miaka yote hii nilijua baba yangu ni refa tu, hilo la vijana wa vita ndio nalisikia jana!

Mwanangu akaleta daftari akawa anaandika majina ya timu, golikipa nani, beki nani, yupi alioa wapi. Walifika tisa. Asubuhi hii mzee kanigongea mlango mapema, wawili kawasahau, anataka nimpigie mzee mwenzie wa Mombo amkumbushe.