Mjadala: Sauti za Busara liendeshwe kwa fedha za nani?

Mleta mada (Mji Mkongwe, Unguja)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Kila Februari ubishi huu unazuka, wageni wakiondoka unazimika: Sauti za Busara, tamasha la muziki la hapa Zanzibar, ni letu au la wafadhili? Msimamo wangu nautaja mapema ili mtu asinitafute. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar itenge fungu la kudumu kwa tamasha hili, litoke kwenye tozo za utalii, na liwekwe kwenye sheria ili lisitegemee nani ni waziri mwaka huo.

Kwa vijana waliolikuta likiwa limeshakua: Busara Promotions, taasisi inayoliandaa, ilianzishwa 2003, Yusuf Mahmoud akiwa mwasisi na mkurugenzi, na tamasha la kwanza likafanyika Februari 2004. Wakati huo Zanzibar ilikuwa haijafikisha watalii laki moja kwa mwaka. ZIFF, tamasha la filamu, lilikuwa limeshatangulia tangu 1998, lakini lenyewe ni la katikati ya mwaka. Busara likaja na sharti moja zito: hapandi mtu jukwaani na sidii. Muziki upigwe, sauti itoke kooni. Mnaoikumbuka miaka ile mnajua sharti hilo lilikuwa na maana gani. Msanii alizoea kumkabidhi DJ sidii yake, akashika maiki na kuimba juu ya sauti yake mwenyewe. Kufika Ngome Kongwe, lilipo jukwaa la tamasha, ikabidi atafute bendi, afanye mazoezi, ajue wimbo wake unaanzia noti gani. Wapo waliokasirika. Wapo pia waliotoka pale wakiwa wanamuziki.

Na wazee hawakuachwa. Bi Kidude, mwimbaji mkongwe wa taarab, alipanda jukwaa hilo mara nyingi, uzeeni kabisa, kabla hajafariki Aprili 2013. Culture Musical Club, kikundi cha taarab kilichoanza 1958, kimepiga pale kwa hadhi ile ile wanayopewa wageni wenye majina makubwa, kama Tiken Jah Fakoly, mwimbaji wa rege wa Côte d'Ivoire aliyekuja kwenye tamasha la 20, mwaka 2023. Nendeni mchana wa jua kali, kabla milango haijafunguliwa, mtazame kazi inavyofanyika. Mzee wa taarab amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakaza nyuzi za ganuni moja moja, na zile nyuzi ni zaidi ya sabini. Pembeni yake kijana fundi wa sauti anasogeza maiki vidole viwili, anakwenda kwenye mashine, anasikiliza, anarudi tena kuisogeza. Kijana yule ni wa hapa hapa, na ufundi wake ameupatia kwenye kazi hii. Hicho ndicho ninachoogopa tukipoteze.

Maana tumeshakaribia kukipoteza. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa, waandaaji walitangaza mapema kwamba fedha hazikutimia. Likarudi 2017. Kwa miaka mingi nguzo kubwa ilikuwa ubalozi wa Norway. Ufadhili ule ulipofikia mwisho tukaanza tena kuulizana kama mwakani lipo, mpaka taasisi ya Emerson's, ya hapa hapa Mji Mkongwe, ikashika mkono. Nawashukuru wote. Lakini jambo lililodumu zaidi ya miaka 20 haliwezi kuendelea kuishi kwa kuomba kila mwaka.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Tukitoa Sh 1,000 tu kwa kila mgeni, kutoka kwenye tozo ambazo tayari analipa, hiyo ni milioni 700 kwa mwaka. Mgeni hataongezewa hata senti. Nasubiri hoja zenu.

Mchangiaji wa Ng'ambo

Shehe, hesabu yako nzuri, lakini milioni 700 ni madarasa mangapi? Mtaani kwetu Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, maji yanatoka saa nane za usiku, tunaamka na ndoo. Skuli wanasoma kwa zamu. Wewe unataka tozo ya mgeni iende kwa mgeni mwenyewe apigiwe ngoma.

Na tuseme ukweli ambao watu wa mjini hamtaki kuusikia. Wengi wetu tamasha hili tunalisikia kwa nje. Unakaa bustani ya Forodhani, mbele ya ngome, na watoto, umenunua urojo, unasikia besi inagonga ukuta wa ngome, ndani hujui kuna nini. Tiketi ya Mtanzania ni rahisi kuliko ya mgeni, nakubali, lakini kwa mtu mwenye watoto wanne, siku tatu au nne mfululizo, rahisi hiyo inamshinda. Halafu ndani kuna pombe, na nje usiku ule mavazi yanayopita kwenye vichochoro vya watu si ya kupita mbele ya mama yako. Mimi si adui wa muziki. Baba yangu alikuwa mpiga fidla. Lakini ukitaka kodi yetu, kwanza tuingie.

Mchangiaji wa Dar

Mkuu mleta mada, kitu kimefanyika miaka zaidi ya 20 na bado hakijiwezi, hapo kuna tatizo la biashara, siyo la serikali. Mgeni analipa hoteli, ndege, boti, anakula kamba wa bei mbaya, halafu kwenye tiketi ndiyo tumhurumie? Mpandishieni bei. Ukiweka pesa ya serikali hakuna tena atakayehangaika kutafuta wateja.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Dar, tiketi ya mgeni tayari ni mara kadhaa ya tiketi ya Mtanzania, na hiyo ndiyo inayobeba punguzo letu. Ipandishe sana, utabaki na ngome tupu. Na fikiria gharama yenyewe: kundi la watu kumi linatoka Mali au Senegali, tiketi za ndege, malazi, viza, vyombo vizito. Ngome Kongwe ina kuta za karne ya 17, huwezi kuzisogeza ukaongeza viti. Idadi ya watu ina kikomo, kwa hiyo mapato ya mlangoni yana kikomo. Faida kubwa haiingii mlangoni. Inaingia kwenye hoteli, boti, teksi, migahawa, wauza vinyago wa mtaa wa Gizenga. Hao wanavuna kwenye shamba ambalo hawalilimi. Ndiyo maana nasema tozo, kwa sababu tozo inamgusa kila anayefaidika.

Ndugu wa Ng'ambo, hoja yako ya kuingia nakubaliana nayo neno kwa neno na nitairudia. Ya maji siikubali. Tozo ile inakusanywa leo, tamasha halipati fungu humo, na maji bado yanatoka saa nane za usiku. Ukilinyima tamasha, bomba halijai.

Mwanamuziki (Unguja)

Mimi nimepiga pale, na napinga hoja ya fedha za serikali, tena napinga kwa uchungu kwa sababu nalipenda tamasha hili.

Nyie mnaongea bajeti, mimi nawaambia jukwaa. Busara ukipangiwa saa moja na nusu, saa moja na nusu unapiga. Ukifika umechelewa, muda wako umekwenda. Sasa nendeni kwenye shughuli zetu za kiserikali. Mgeni rasmi anasubiriwa. Akifika, risala. Baada ya risala, hotuba. Kikundi kimekaa juani na mavazi rasmi tangu saa tisa, kinapewa dakika tano, na mtu anakuja kunong'ona kwamba fupisheni, mheshimiwa ana safari. Pesa ya serikali haiji peke yake, inakuja na mgeni rasmi, na mgeni rasmi anakuja na orodha ya wasanii wake.

Tena wanaochagua wanamuziki wa Busara wanasikiliza maombi ya bara zima. Ukikosa, unakosa kwa kazi yako. Siku orodha ikianza kutoka ofisini, msanii atakayeimba jambo lisilompendeza mkubwa hataitwa, na hakuna atakayekwambia kwa nini.

Kama kweli serikali ina pesa ya muziki, ipeleke kwenye kufundisha. Chuo cha muziki, DCMA, kilianza 2002, kikakaribia kufunga mlango kwa ukata mwaka 2019. Mwimbaji Siti Amina katoka pale. Bendi ya Tarajazz wametoka pale. Sharti la kupiga mubashara litakuwa na maana gani kama hapa kwetu hakuna wa kupiga? Tutabaki wenyeji wa kupanga viti.

Mchangiaji wa Bagamoyo

Kaka mwanamuziki, naheshimu uzoefu wako, ila usifunge mlango wote. Huku kwetu Chuo cha Sanaa, sasa TaSUBa, kimekuwa na tamasha lake tangu 1982, na chuo ni cha serikali. Lipo hadi leo, watu wa mji wanaingia, watoto wa wavuvi wamekua wakiitazama ngoma pale. Hotuba zipo, sikatai. Lakini halijafa kwa sababu ubalozi fulani umebadilisha sera.

Mwanamuziki (Unguja)

Halijafa, kweli. Lakini niambie, dada yangu, ni meneja gani wa bendi ya Kinshasa anapanga mwaka wake kwa kuifikiria Bagamoyo? Anapanga kwa kuifikiria Zanzibar. Kuna kubaki na kuna kukua.

Mchangiaji wa Wete

Mnasema tamasha la Zanzibar. Miaka yote hii, Pemba lini? Ikiwa tozo ni ya Zanzibar nzima na sisi tumo. Ngoma za Pemba ni bidhaa kwenye jukwaa la Unguja tu, jukwaa lenyewe haliji kwetu.

Mchangiaji mwengine

Mnabishana pesa, hamjatazama kalenda. Mwaka 2027 Ramadhani inatazamiwa kuanza wiki ya pili ya Februari. 2028 itaanza mwisho wa Januari na kuimeza karibu Februari yote. 2029 inafika hadi katikati ya Februari. Hakuna atakayepiga ngoma Ngome Kongwe usiku watu wakiwa tarawehe. Tamasha lililojijenga kwa jina la Februari litahama, na likihama linatoka kwenye tarehe ambazo mawakala wa watalii wameshaziweka kwenye vipeperushi. Miaka hiyo ndiyo ya hatari, mfadhili anayeyumba ataondokea hapo hapo.

Mleta mada

Huyu wa kalenda amenipa hoja yenye nguvu kuliko zangu zote. Tamasha linahitaji kutangaza tarehe mapema sana, mwaka mzima kabla, ili kundi la Dakar na familia ya Arusha wapange safari. Huwezi kutangaza tarehe kama hujui kama pesa ipo. Likihamia Januari au likasogezwa hadi baada ya Idi, mwaka wa kwanza mauzo yatashuka, hilo lazima. Mfuko wa uhakika ndio utakaolivusha miaka hiyo mitatu. Bila ya mfuko naiona 2016 nyingine, na safari hii sidhani kama litainuka.

Sasa nije kwa mwanamuziki, kwa sababu kaka, wewe ndiye umenikamata pagumu. Hofu yako ya orodha kutoka ofisini ni ya kweli. Kwa hiyo nasema hivi: sheria itaje kiasi, itaje kwamba fedha zinaingia moja kwa moja kwa mwandaaji kila mwanzo wa mwaka wa fedha, na itaje wazi kwamba uchaguzi wa wasanii na ratiba ya jukwaa si kazi ya wizara. Mkaguzi Mkuu akague hesabu, hapo ndipo mkono wa serikali uishie. Busara wanapoomba kibali wanaenda BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, kama wengine wote, hilo lipo na libaki lilivyo.

Na anayelipa apate haki yake. Gwaride la ufunguzi lile linaloanzia Kisonge, upande wa Ng'ambo, bendi ya beni mbele, kina mama wa ngoma ya mwanandege na miavuli yao, watu wa Michenzani wanalifuata mpaka Forodhani, kisha mlango wa ngome unawaacha nje. Lisiishie hapo. Usiku mmoja mzima, wenye wasanii wale wale wakubwa, ufanyike Ng'ambo bila kiingilio na bila pombe. Mama aje na wanawe, na buibui lake, akae mbele. Miaka mingine waliwahi kuweka jukwaa la bure Forodhani, watu walijaa, kwa hiyo si ndoto. Pemba wapate siku yao kila mwaka, vikundi viwili au vitatu vivuke na boti. Na sehemu ya fungu iende kwenye kufundisha, hapo tuko pamoja.

Mchangiaji wa Ng'ambo

Usiku wa bure Ng'ambo, bila pombe, ukiandikwa kwenye sheria na si ahadi ya mdomo, mimi nakuunga mkono. Ikiwa ni maneno ya jukwaani, narudi kwenye maji yangu.

Mwanamuziki (Unguja)

Mimi bado sijakubali. Sheria tunazo nyingi zinazosema hivi na zinazofanywa vile. Nitakubali nikiona kifungu kinachosema kwamba waziri akitaka kuongeza au kuondoa jina la msanii, fedha za mwaka huo zinabaki kwa mwandaaji na jina linabaki kwenye ratiba. Andika kifungu hicho, kiweke hapa tukisome. Nitakileta kwa wenzangu tunaofanya nao mazoezi, na kama hakina tundu, nitasaini wa kwanza.

Mleta mada

Nimekusikia, kaka. Kuna mwanasheria humu? Nahitaji msaada wa kuandika kifungu hicho kabla bajeti ya mwaka ujao haijaanza kusomwa Baraza la Wawakilishi.