Nitawahimizaje wanaojitolea kuchora ramani wachangie kwa uangalifu?

Swali
Ndugu zangu, ninaratibu kikundi cha watu wanaojitolea kuchora majengo na barabara katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri mtandaoni, kwa kufuatisha picha za setilaiti. Tuliweka jedwali la washindi ili kuwatia moyo, na kweli kasi iliongezeka, lakini sasa kila ninapokagua kazi nakuta vivuli vya miti vimechorwa kama nyumba na majengo yamepanda juu ya barabara. Nifanyeje ili waendelee kuchangia bila kuharibu, nami nisiwavunje moyo?

Jibu la 1
Kwanza liondoe hilo jedwali. Anayepimwa kwa idadi atakuletea idadi, wala huwezi kumlaumu. Mimi huwaonyesha wageni kosa moja tu: barabara mbili zinazokatizana bila kuwa na nukta ya pamoja. Kwa macho ramani huonekana safi, ila programu ya kuelekeza safari haitambui makutano hapo, hivyo humzungusha msafiri mbali bila sababu. Mtu akishaomba njia mwenyewe na kuona jinsi mstari unavyoikwepa njia panda iliyo wazi mbele yake, hahitaji tena kuhubiriwa uangalifu.

Jibu la 2
Naafiki, ingawa kasi yenyewe nisingeilaumu sana. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010, wachangiaji walichora mitaa ya Port-au-Prince kwa siku chache tu, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Ninachosisitiza ni kila mchango uambatane na maelezo mafupi ya kilichobadilishwa na chanzo chake, kwa sababu anayekuja kusahihisha asipojua mwenzake alitazama picha gani, hubaki kubahatisha. Wakataze pia kunakili kutoka Google Maps: masharti ya matumizi hayaruhusu, na kazi ya namna hiyo ikigundulika huondolewa, hata ikiwa sahihi.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Jedwali naliondoa leo. Je, kazi mbovu iliyokwisha kuingia niifute au niirekebishe?

Jibu la 1
Usirekebishe kimyakimya. Mwandikie mhusika chini ya mchango wake, umtajie jengo moja lililokosewa na namna ya kulinyoosha, kisha umpe nafasi alisahihishe mwenyewe. Vile vivuli vya miti, hivyo futa tu.