Mjadala: Mtego wa kaa usio na kidirisha upigwe marufuku?

Hoja: Wanaovua kaa koko (kaa wakubwa wa matope ya mikoko) kwa kujifurahisha kwenye mahori, yaani vijito vya bahari, ya mikoko wengi hununua mtego wa kukunja wa nailoni: midomo miwili ya kuingilia, pa kutokea hakuna. Ukipotea unaendelea kuvua, maana kaa aliyefia ndani huwa chambo cha mwingine. Sheria ilazimishe kidirisha cha kuwatoa kaa wadogo, na mlango uliofungwa kwa uzi unaooza ili mtego uliopotea ufunguke wenyewe, au kila mtu achague mwenyewe?

Bamvua: Ilazimishe. Jimbo la Washington, Marekani, humtaka hata mvuvi wa starehe awe na matundu mawili ya inchi 4¼ na uzi wa pamba kwenye mtego. Kwa kaa koko kata kidirisha cha mstatili, upana sm 12, kimo sm 5, kikae sawa na sakafu ya mtego. Kaa hutoka kiubavu, hivyo kinachomzuia ni unene wa mwili kuliko upana wa gamba. Kizungushie waya mgumu, la sivyo wavu hulegea na mkubwa naye anapenya.

Tope Jeusi: Kidirisha sawa, ila uzi usemwe vizuri. Kamba nene ya katani hukaa muda mrefu mno majini. Tumia uzi mwembamba wa pamba, na uwe ndio pekee unaoshika mlango. Kuna wanaofunga pamba, kisha wanaongeza fundo la nailoni ili wasipoteze kaa. Hapo pamba haina kazi tena.

Maji Mafu: Mbona hatuulizi mtego unapoteaje? Ni kamba! Pwani yetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka karibu mita 4. Kamba ikiwa fupi, boya linazama na mkondo unaburura mtego. Ikizidi, inajisokota kwenye mizizi ya mikoko. Pima kina maji yakijaa, ongeza theluthi. Kamba ya plastiki huelea ikakatwa na injini, kwa hiyo funga kipande cha risasi, kile kizito cha kuzamishia, mita moja chini ya boya. Fremu iwe ya nondo ya mm 8 ili mtego uwe mzito, na anayeanza atege siku za maji mafu, maji yasipopanda wala kushuka sana.

Shimoni: Mtu anayetaka kitoweo tu, mtego wa nini? Chuma chenye ndoano, maji yakipwa, shimo kwa shimo. Hakuna kamba wala boya la kupotea.

Bamvua: Chuma humfanya kaa aachie gando, na jinsia yake huijui mpaka umtoe, ameshaumia. Wa mtegoni unamgeuza tu: tumbo pana la mviringo ni jike, jembamba la pembetatu ni dume. Queensland, Australia, wana kaa huyuhuyu: majike wote hurudishwa majini, na madume yasiyofika sm 15 kwa upana wa gamba.

Shimoni: Anayejua kazi huliacha shimo dogo. Na nani atakagua mitego yenu usiku, ndani ya mikoko?

Maji Mafu: Katazo lianzie dukani. Mahori hayakaguliki yote, lakini maduka ya zana za uvuvi yanajulikana: mtego usio na kidirisha usiuzwe.