Usitishaji wa mapigano ukivunjika mashariki mwa Kongo: je, Kinshasa hujibu inavyopaswa?

Mkaazi wa Buyenzi (Bujumbura) ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Tangu M23, kundi la waasi wa Kongo ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema linaungwa mkono na Rwanda, lilipoingia mji wa Uvira tarehe 10 Desemba 2025, nyumba nyingi za hapa Bujumbura zimepokea jamaa waliovuka mpaka wa Gatumba wakiwa na magodoro na masufuria vichwani, na kila jioni mazungumzo yanarudi palepale: iweje mji uanguke siku 6 tu baada ya Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda kutia saini makubaliano ya amani Washington? Baadaye kundi hilo lilitangaza kuondoka mjini kwa shinikizo la Marekani, lakini wageni wetu bado wana hofu ileile.

Hali hii si ngeni. Novemba 2022 viongozi walikubaliana Luanda, Angola, kwamba bunduki zinyamaze, na hazikunyamaza. Julai 2024 yakafanyika makubaliano mengine hukohuko Luanda, na Januari 2025 Goma ikaanguka. Naomba wanaolifuatilia jambo hili kwa karibu wanisaidie kuelewa: tukiacha kwa muda swali la nani alianza kufyatua risasi, serikali ya Kinshasa ilifanya nini kila mara mapigano yaliporudi, na je, hatua zake zilisaidia, au zilifanya makubaliano yaliyofuata yawe magumu zaidi kutekelezwa? Hapa nyumbani vijana wanasema ilikosea kuchelewa kuzungumza na M23, na wazee wanasema ilikosea kukubali kuzungumza nao hata kidogo. Ninaona pande zote mbili zina hoja, na ndiyo sababu ninauliza.

Mwalimu wa Himbi (Goma) amejibu:

Pole sana ndugu yangu, na poleni pia kwa wageni mliowapokea. Nitajaribu kujibu nikianza na saini zenyewe, kwa maana huwezi kupima jibu la serikali kabla ya kujua ni makubaliano gani hasa yaliyovunjika.

Mkutano wa Luanda wa tarehe 23 Novemba 2022 uliagiza mapigano yakome kuanzia saa kumi na mbili jioni ya tarehe 25. M23 haikuwa ukumbini. Tarehe 29 watu waliuawa katika kijiji cha Kishishe, serikali ikailaumu M23 na kutangaza siku 3 za maombolezo, na tangu hapo neno mazungumzo likawa kama tusi Kinshasa. Makubaliano ya Julai 2024 nayo yalikuwa kati ya Kongo na Rwanda pekee, na mpango ulioyafuata ulikuwa huu: Kongo iwaondolee nguvu FDLR, yaani waasi Wahutu wa Rwanda walioko Kongo, Rwanda iondoe kile inachokiita hatua zake za kujilinda. Kwa hiyo mkataba ulitiwa saini na nchi inayokana kuwa na askari vitani, ingawa wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka huohuo kwamba ina askari kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya ardhi yetu, na haukutiwa saini na kundi lililokuwa limeshika Bunagana tangu Juni 2022 na Rubaya tangu mwaka 2024. Mkutano wa marais uliopangwa tarehe 15 Desemba 2024 ulikwama juu ya hoja hiyohiyo, yaani kama Kinshasa itaketi na M23 uso kwa uso, na mwezi uliofuata tukalala chini ya vitanda hapa Goma.

Sasa nije kwenye jibu la serikali. Kuvunja uhusiano wa kibalozi na Rwanda na kwenda Baraza la Usalama zilikuwa hatua ambazo serikali yoyote ingechukua, na Azimio 2773 la Februari 2025 liliitaja Rwanda kwa jina, jambo ambalo tulilingoja kwa muda mrefu. Hapo sina lawama. Lawama yangu iko kwenye mambo yaliyofanyika ndani ya nchi.

La kwanza na zito kuliko yote ni Wazalendo, yaani wanamgambo wanaopigana upande wa serikali. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais aliwataka vijana waunde vikundi vya ulinzi, na mwaka 2023 ikatungwa sheria ya jeshi la akiba. Ninaelewa kwa nini vijana waliitika, kwa sababu wengi wao walikuwa wamefukuzwa mashambani kwao Masisi na Rutshuru, na wengine walipigana kwa ujasiri pale ambapo jeshi lilirudi nyuma. Lakini jina hilo lilifunika pia makundi ya zamani kama Nyatura na APCLS, ambayo kabla ya hapo yalikuwa yakipigana na serikali au yenyewe kwa yenyewe. Kamanda wa Wazalendo mwenye kizuizi chake barabarani, anayewatoza akina mama waendao sokoni, hakutia saini kitu chochote Luanda, wala hana ofisi ya kumletea amri ya kunyamazisha bunduki. Risasi ikifyatuliwa kijijini usiku, serikali husema aliyefyatua si askari wake, M23 husema ilikuwa inajilinda, na waangalizi wa Angola waliofunguliwa ofisi hapa Goma Novemba 2024 hawakuwa na mtu wa kumwandikia lawama. Ndivyo makubaliano yalivyokufa mwezi baada ya mwezi kabla hata Goma haijaanguka.

La pili ni sheria. Mwanzoni mwa Machi 2025 wizara ya sheria ilitangaza zawadi ya hadi dola milioni 5 kwa atakayesaidia kumkamata kila mmoja kati ya Corneille Nangaa, Bertrand Bisimwa na Sultani Makenga, viongozi wa M23 na muungano wake, na katikati ya mwezi huohuo serikali ikakubali kutuma wajumbe Luanda kuzungumza na watu wa kundi lao. Sitetei yeyote kati ya hao watatu. Nasema tu kwamba serikali haiwezi kutafuta mtu kwa zawadi na kumwalika mezani katika mwezi mmoja bila kumweleza raia ni lipi kati ya hayo inalolikusudia.

La tatu nimeliona kwa macho yangu. Goma ilipoanguka, benki zilifungwa, na Kinshasa haikutaka pesa ziingie mahali ambapo M23 ingezitia mkononi. Sababu yake inaeleweka. Lakini mshahara wa mwalimu wa shule ya serikali uliendelea kuonekana kwenye simu yake huku noti hazipo, kwa hiyo alivuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kuzitafuta, au alisimama mbele ya kibanda cha wakala wa pesa za simu na kukubali kukatwa sehemu ya mshahara ili apewe kilichobaki. M23 haikushindwa kwa njia hiyo: ilitoza kodi na ushuru, na Aprili 2025 ikafungua upya CADECO, benki ya akiba ya serikali. Adhabu ilitufikia sisi.

Mfuatiliaji wa Dodoma amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu Wazalendo, ila naomba nikumbushe kwamba kuna wakati jibu la kijeshi lilifanikiwa. M23 iliingia Goma tarehe 20 Novemba 2012, na mazungumzo ya Kampala yaliyofuata hayakuzaa matunda kwa miezi mingi. Machi 2013 Azimio 2098 la Baraza la Usalama likaunda brigedi ya kuingilia kati yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ, na Novemba 2013 M23 ikatangaza kuacha uasi. Hata hivyo, brigedi haikufanya kazi hiyo peke yake. Wafadhili walizuia misaada kwa Rwanda, makamanda wa jeshi la Kongo walibadilishwa, na nchi 11 zilikuwa zimetia saini Addis Ababa Februari 2013.

Linganisha na mara hii. Kikosi cha Afrika Mashariki kilialikwa mwaka 2022, kikalaumiwa kwa kutopigana, kikaondoka Desemba 2023. Kikosi cha SADC kikachukua nafasi yake mwezi huohuo, bila ndege za kutosha na bila shinikizo lolote la maana dhidi ya Kigali wakati huo. Afrika Kusini pekee ilizika askari 14 mwezi Januari 2025, na Machi viongozi wa SADC wakaamua kikosi kirudi nyumbani. Hapo ongeza mamluki wa Romania, karibu 300, waliosalimu amri na kusafirishwa kupitia Rwanda. Mapigano yalipoanza upya, Kinshasa ilibadilisha jeshi la kigeni badala ya kurekebisha la kwake. Kuongeza maradufu mishahara ya askari, hatua iliyoagizwa Machi 2025, ilikuwa hatua njema, lakini ilikuja Goma na Bukavu zikiwa zimekwisha kuanguka.

Wakili wa Ngong Road (Nairobi) amejibu:

Naheshimu maelezo ya Mwalimu, kwa kuwa ameishi ninayoyasoma, lakini sitaki tuondoke hapa tukidhani kwamba Kinshasa ilikataa mazungumzo kwa kiburi tu. Jina lenyewe la M23 linatokana na makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009, ambayo kwayo wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi lililoitangulia M23, waliingizwa jeshini wakiwa na vyeo vyao. Kilichofuata ni jeshi ndani ya jeshi. Bosco Ntaganda, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, aliishi Goma kama jenerali wa serikali, na Aprili 2012 maafisa walewale wakaasi. Serikali iliyoumwa hivyo ina haki ya kuogopa meza ambayo mwisho wake ni vyeo na maeneo ya kutawala, kwa sababu kila kundi jingine msituni linaangalia na kujifunza kwamba bunduki ndiyo njia fupi ya kupanda cheo.

Lakini haki ya kukataa vyeo si sababu ya kukataa kusikiliza. Azimio la Nairobi la Desemba 2013 liliahidi kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia, na utekelezaji wake ukalala. Waliokimbilia Uganda walikaa kambini miaka, na Januari 2017 Makenga alikuwa amekwisha kurudi milimani. Halafu ikaja Aprili 2022. Mazungumzo ya Nairobi, ambayo Uhuru Kenyatta aliyasimamia baadaye kama mpatanishi, yaliyaweka makundi mengi yenye silaha katika ukumbi mmoja, na M23 ikaondolewa humo kwa kuwa mapigano yalikuwa yameanza upya. Mimi naona hilo ndilo kosa la gharama kubwa kuliko mengine yote. Ule ulikuwa ukumbi pekee ambamo M23 na makundi ambayo leo yanaitwa Wazalendo wangeweza kufungwa na ahadi moja. Baada ya hapo Luanda ilishughulikia Rwanda, Nairobi ikabaki na makundi ya Wakongo, na M23 ikawa haimo kwenye mlango wowote. Wakuu wa Afrika Mashariki na SADC walipokutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025 na kutaka mazungumzo ya moja kwa moja na pande zote, walikuwa wanarudi mahali tulipokuwa miaka karibu 3 kabla, ila wakati huo Goma ilikuwa imekwisha kutekwa.

Mkaazi wa Buyenzi ameandika:

Nawashukuru sana. Mwalimu, nina swali moja la nyongeza. Sasa serikali imekubali kuketi na M23 Doha, na kuna hati ya Novemba 2025. Kwa nini basi Uvira ilianguka? Na je, niwaambie nini hawa jamaa wanaouliza kama warudi?

Mwalimu wa Himbi amejibu:

Hati ya Doha ya tarehe 15 Novemba 2025 ni mfumo wa itifaki 8, na siku hiyo zilikuwa zimekwisha kutiwa saini 2 tu: ya kubadilishana wafungwa na ya kusimamia usitishaji wa mapigano. Itifaki ya usimamizi ilitiwa saini Oktoba, lakini waangalizi hawakuwapo kwenye barabara ya bonde la Ruzizi ambayo M23 iliipita kuelekea Uvira. Lawama ya kuuteka mji ni ya waliouteka na wanaowaunga mkono, na hilo sitalizungusha. Wakili ana haki kuhusu mwaka 2009, na mimi pia sitaki kumwona tena jenerali wa aina ile akila hotelini Goma.

Ila angalia pia Uvira ilivyokuwa kabla ya Desemba. Mwezi Septemba Kinshasa ilituma jenerali wake huko, na Wazalendo pamoja na baadhi ya raia wakamkataa kwa kuwa ni Munyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo kutoka Kivu Kusini. Kukawa na maandamano na watu wakafa. Serikali ilishindwa kumweka ofisa wake katika mji uliokuwa bado mikononi mwake. Sasa mjumbe wake akiahidi Doha kwamba upande wake hautafyatua risasi, anaahidi kwa niaba ya nani?

Kwa jamaa zako, mimi ningewaambia wasiitazame picha ya saini yoyote. Wawaulize walio Uvira mambo yanayoonekana: kama kuna waangalizi wa kudumu kwenye barabara ya kwenda Kamanyola, kama vizuizi vya Wazalendo vimeondolewa au vina askari wa jeshi wanaotoa stakabadhi, kama mwalimu wa shule ya watoto wao amelipwa, na kama majirani zao Wabanyamulenge wanakwenda sokoni mchana bila kusindikizwa. Jibu la hilo la mwisho ndilo ningelingoja kwanza, kwa sababu pale ambapo jirani mmoja hawezi kwenda sokoni, M23 ina sababu ya kudai kwamba imekuja kumlinda, na Kinshasa haina la kuijibu.